Santuri ya Mulei na Ndeti

Voi,
15 Septemba 1957

Kwa kaka yangu mpendwa Thadeus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na wifi Wakesho na watoto, na kwamba baridi ya Werugha haijamrudishia wifi kile kifua chake. Ng'ombe je, amezaa? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa huku jua na vumbi vinashindana. Mwili, nimesema. Roho imechoka, na kilichoichosha ni muziki. Usicheke, soma kwanza.

Unajua nilinunua gramafoni ya karani mmoja wa reli aliyehamishiwa Kisumu. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe kuwa na gramafoni ni kama kuwa na sufuria: bado hujala. Dukani kwa Hashil kuna santuri, lakini ni zile zile zinazopigwa katika kila mkahawa, Mombasa mpaka Nairobi. Mimi nilitaka ya Mulei. Huyu Mulei ni kibarua wa mkonge, anakaa Miasenyi. Nilimsikia mwaka jana kwenye arusi ya mwalimu mwenzangu Gertrude: gitaa mbili, chupa ya soda inayogongwa kwa msumari, na mkewe Ndeti akiimba. Kaka, yule mama alipofungua kinywa, nilisahau sahani ya pilau mkononi mpaka ikapoa. Nikaambiwa wamekwisha kutoa santuri moja huko Nairobi. Nilipomwuliza Hashil alicheka, akasema yeye haweki muziki wa watu wasiojulikana. Nikamwuliza watajulikana vipi kama huuweki. Akaniuzia sabuni.

Basi nikaandika Nairobi, nikatia hawala ya posta. Baada ya wiki tano santuri ikaja, vipande viwili. Nikalalamika, nikajibiwa kwa taipu kwamba kinachovunjika njiani ni shauri la mnunuzi. Nikalipa tena. Safari hii ikaja nzima, lakini ilikuwa ya tarumbeta za askari! Mara ya tatu nikampa pesa Abdulghani, gadi wa treni, akainunue mwenyewe, naye akaileta ameipakata kama mtoto mchanga. Santuri moja, nimeilipa mara tatu.

Habari zikaenea. Kila Jumapili baada ya ibada ua wangu ukajaa watu. Wanasikiliza, wanakunywa chai yangu, wanasema irudie. Sindano za gramafoni zinakwisha. Nilipowaomba wachange senti kumi kumi za sindano, mmoja akaniambia, "Mwalimu, wimbo ni upepo. Nani hununua upepo?" Na huyo huyo huuza maji kwa debe pale stesheni.

Nikaona heri niende kwa wenyewe, angalau nimwambie Mulei kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyelipa. Nikapanda basi hadi Miasenyi, gramafoni magotini. Nilimkuta nje ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Nilipomwambia nina santuri yake aliweka mpini chini, akaniuliza iko namna gani. Hajapata kuiona, Kaka! Siku ile Nairobi walimpa shilingi arobaini, wakamtia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, basi. Katika hela zangu zote za mara tatu, yeye hakupata hata ya chumvi. Na juu ya santuri wameandika "Mule", kana kwamba ni mahali. Jina la Ndeti halipo kabisa. Nilikasirika mpaka nikaanza kumgombeza yeye, maskini, kana kwamba ndiye aliyeniibia.

Kusikia kelele, Ndeti akatoka jikoni. Akanisalimu kwa mnong'ono, nami nikadhani ana haya. Mulei ndiye aliyenieleza kwamba mwezi wa nne mkewe alitolewa uvimbe kooni. Alipona, lakini sauti haikurudi.

Nilitamani nirudi zangu na ile gramafoni bila kuifungua. Ndeti akavuta kigoda, akaningojea. Nikaizungusha, nikaweka sindano. Alipoisikia sauti yake, alifunika uso kwa leso, akakaa hivyo mpaka mwisho. Kisha akanong'ona, "Irudie." Tukairudia mara nne. Mara ya tano akanigusa bega, akaniambia niimbe nayo. Nikasema mimi ni mtu wa kwaya tu. Akasema, "Nimekusikia ukiimba chini chini. Sasa imba."

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa nikipazunguka tangu nilipoanza kuandika. Niliimba. Na tangu siku ile nimeimba na bendi ya Mulei Jumamosi sita, Ndeti akikaa mbele yangu akinirekebisha kwa vidole. Sijawahi kufundishwa kitu kwa ukali namna hiyo, wala kufurahi namna hiyo. Juzi Ijumaa mwalimu mkuu aliniita, akaniuliza kama ni kweli mwalimu wake anaimba kwenye dansi. Nikajibu ni kweli. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi: niandike ahadi ya kuacha kuimba, au niache kazi. Ahadi nimeiandika mara mbili, na mara mbili nimeitia motoni. Mulei naye nimemwambia kwamba karatasi nyingine ikija kutoka Nairobi, nitaisoma mimi kabla ya kidole cha mtu kuguswa na wino.

Najua wewe ni mzee wa kanisa na watu watakuuliza. Ndiyo maana nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia sokoni Wundanyi. Jumamosi ijayo tunapiga hapa Voi, saa tisa mchana, ukumbi ulio nyuma ya soko. Ukitaka kunikemea, njoo unikemee, nitasimama nikusikilize. Lakini kiingilio ni senti hamsini, na anayekaa mlangoni ni Ndeti. Nilimwambia huenda ukaja, na kwamba wewe ni kaka yangu wa tumbo moja, labda akupitishe bure. Akaninong'oneza kwamba hata kaka ana masikio.

Nisalimie wifi, na watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Mungu awatunze huko mlimani.

Ni mimi mdogo wako,
Peris