Mama, Ulinirudisha Nyumbani kwa Miguu

Mama,

Leo nimefungua saluni mimi mwenyewe, kwa sababu Chantal, msusi wako, amempeleka mtoto wake chanjo. Usihofu, sikugusa kichwa cha mtu. Niliketi kwenye kiti chako, nikawaomba wateja wasubiri, nao wakasubiri huku wakikutaja. Yule mama muuza samaki wa ndagala alisema tangu uondoke hakuna tena wa kumvuta nywele mpaka machozi yamtoke, kisha amchekeshe kabla hayajakauka. Nilicheka nao. Halafu nikaingia kwenye kile chumba cha nyuma unachowekea meshi za kusukia, nikalia kidogo. Bado nasema "unachowekea". Ndipo nikaamua kukuandikia.

Kuna habari. Wiki ijayo nasafiri tena. Najua hunisikii, lakini sijawahi kutoka mtaani kwetu Bwiza na sanduku bila kukuaga, na sijui namna nyingine ya kuanza safari.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Madagaska? Nilikuwa nimejitolea miaka miwili, mkunga katika zahanati ndogo ya pwani, na wewe ulikuja kunipokea na nusu ya mtaa. Wiki ya kwanza nilikula na kulala. Baada ya hapo nikaanza kulalamika. Kule kila mwanamke niliyemzalisha aliniletea kitu, mayai, au vanila iliyokaushwa juani, na watoto walinifuata njiani wakiimba jina langu. Huku Bujumbura nilikuwa mtu kama watu, napanga foleni ya maji na ndoo yangu, na hakuna aliyeimba. Nililalamikia vumbi. Nililalamikia esanse iliyokosekana, magari yaliyolala kituoni siku nzima yakingoja mafuta. Ulivumilia. Halafu siku moja ukatua kitana mezani, ukiwa katikati ya kumsuka mteja, ukaniambia, "Furaha, kule Madagaska, kule Madagaska. Na hapa we ulipajua lini? Ulikuwa unapita na basi tu."

Mteja alicheka kuliko ilivyostahili.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, hukugeukia nyumbani. Ulivua viatu vya misa, ukavaa kandambili ulizokuwa umezificha mkobani, ukashika njia ya kupanda Kiriri. Nilidhani ni mzaha. Ulipanda kilima kile kama mtu anayedai kitu huko juu, ukisimama tu kunionyesha mageti ya watu wakubwa. "Pale nilisuka bibi-arusi. Alilia mpaka nikafumua, nikasuka upya, akalia tena. Kumbe hakuwa analia nywele. Alikuwa hamtaki yule mwanaume." Nikakuuliza kama harusi ilifanyika. Ukasema, "Ilifanyika. Na alipendeza sana, masikini." Kutoka kule juu niliona mji wote, mabati yetu ya Bwiza, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Nilizaliwa hapa, na nilikuwa sijawahi kusimama pale.

Tangu hapo kila Jumapili ilikuwa yetu. Magari yalikosa mafuta, sisi tukapata miguu. Ulinifundisha mji kwa vichwa vya watu: huyu ana nywele laini lakini moyo mgumu, yule alilipia rasta za dada zake wote aliposhinda mtihani. Watu walikuita kutoka madukani. Wakaanza kuniita na mimi, "mutoto wa Mama Furaha", kisha "mkunga", na mmoja akanisimamisha katikati ya barabara kunionyesha tumbo lake na kuniuliza kama mtoto amekaa vizuri.

Siku tuliyofika Kajaga, ufukweni, gari la mtu wa kanisani ndilo lililotubeba. Tulikula samaki wa mukeke wa kuchoma, halafu ukaingiza miguu majini ukanyamaza. Wewe kunyamaza ni jambo la kuogopesha. Uliangalia upande wa Uvira, ng'ambo Kongo, kulikokuwa kwenu, ukasema, "Mi na Feza tulikuwa tunafua nguo upande ule. Yeye anafua, mi nacheza."

Mama Mkubwa Feza nilimjua kwa picha moja tu, ile ya ukutani iliyofifia. Nilijua kwamba vita viliwatawanya, kwamba yeye aliishia Kigoma akaolewa huko na wewe ukaja Bujumbura na bibi. Nilijua hakuja kumzika bibi, na kwamba ulimwambia kwenye simu neno ambalo hukutaka kulirudia mbele yangu. Basi. Tangu pale, kimya.

Nilikuambia twende Kigoma. "Apana. Safari ni za nyinyi mliosoma." Jumapili iliyofuata nikarudia. "Apana." Ya tatu, ukimenya ndizi bila kuniangalia, ukauliza, "Na akinifungia mlango?" Nikakuambia tutatafuta nyumba ya wageni, tutakula samaki wa Kigoma, tutarudi. Ukamenya ndizi nyingine. Ukasema, "Mi sili samaki wa nyumba ya wageni." Nikajua tunakwenda.

Mama, nimepanda ndege, nimevuka bahari, lakini safari ninayoiota ni ile. Basi likishuka na ziwa, Rumonge ulivyoteremka kununua mawese ukabishana bei mpaka dereva akapiga honi. Mpakani afisa alikuuliza unaenda kufanya nini Tanzania. Watu wote husema biashara, au kutembelea ndugu. Wewe ukamjibu, "Kugombana na dada yangu." Alikutazama, akagonga muhuri, akasema umsalimie.

Kigoma tulielekezwa mpaka kwake, ukabisha hodi wewe mwenyewe.

Mama Mkubwa alitoka na unga mikononi. Mfupi kuliko wewe, na mimi siku zote nilimdhania mrefu. Aliangalia uso wako, kisha kichwa chako, macho yakabaki hapo kichwani.

"Nani amekusuka hivi?"

"Nimejisuka mwenyewe."

"Inaonekana."

Akaingia ndani. Nilidhani ndio mlango unafungwa. Akarudi na mkeka na kitana, akaketi kwenye kiti kifupi, nawe, Mama, ukaketi chini katikati ya magoti yake bila kuambiwa. Akaanza kukufumua. Hapo ndipo nilipojua aliyekufundisha kazi. Nilisimama uani na dumu la mawese mkononi, hakuna aliyenikaribisha wala kunipokea mzigo, na sijawahi kufurahia kusahauliwa namna ile. Kwa mara ya kwanza nilikuona ukiwa mdogo wa mtu.

Mlizungumza samaki, bei, ndoa za watu. Alikucheka Kiswahili chako. "Sema *ha*pana. H zako umeziacha Burundi?" Ukamjibu, "H zenu kaeni nazo." Lakini asubuhi moja, mkichambua lengalenga, ulimuuliza. Nilikuwa mlangoni, nikaogopa kusogea. "Feza, mama alikuwa anakuulizia. Sababu gani haukukuja?"

Alichambua majani kadhaa kwanza. Akasema aliogopa njia, wakati ule njia ilikuwa na askari na watu walipotea. Akasema aliogopa pia kufika akute mama yenu amekwisha. "Nikakaa. Halafu ulipopiga simu, nikaanza kukuogopa wewe."

Ukasema polepole, "Na mi nilikuwa nakuogopa we."

Mkaendelea na mboga.

Tuliporudi, wateja wako walikoma. Kule Kigoma hivi, kule Kigoma vile, mpaka Chantal akaniomba nikuzuie. Nilikataa.

Ulikufa asubuhi ya kawaida. Chantal anasema ulisema kichwa kinakuuma, ukaketi upumzishe macho. Presha, walisema hospitali. Mimi nilikuwa kituo cha afya, nimepokea mtoto wa kike dakika chache kabla ya simu. Kazi yangu ni kupokea wanaokuja. Siku ile mikono yangu haikujua ifanye nini.

Nilipiga Kigoma. Mama Mkubwa alisikiliza, simu ikakatika. Ndugu wakaanza kusema chini chini kwamba hatakuja, huyo hata mama yake hakumzika. Mimi nikamtandikia kitanda. Nilikuwa nimeona ule mkeka.

Asubuhi ya mazishi, tukiwa tumekwenda kukuchukua hospitali, alishuka kutoka kwenye lori la mihogo. Mabasi yalikuwa hayana mafuta, akaomba lifti kutoka Nyanza-Lac, karibu na mpaka, amekaa juu ya magunia, mwanamke wa umri ule. Hakumsalimia mtu. Akaomba kitana. Wamama wa kanisa wakamwambia nywele ziko sawa, na kitambaa kitazifunika. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha." Wakampisha.

Alikusuka mistari iliyonyooka, ile ya wasichana wadogo. Alikuwa akikusemesha kwa sauti ya chini na nilimwachia maneno yake. Moja tu lilinifikia: "Umeona, nimekuja."

Alikaa mpaka tulipoanua matanga. Chantal alimwogopa, kisha akajifunza kwake msuko mpya, na sasa ndio unaoleta wateja. Amerudi Kigoma. Kila Jumapili ananipigia nikiwa natembea, ananiuliza niko wapi, nami namtajia: niko sokoni, niko kanisani, naanza kupanda. Ameniahidi kuja kiangazi. Nitampeleka Kajaga.

Sasa safari yangu. Lalao, mkunga mwenzangu wa Madagaska, anaolewa. Wenye mradi wa ile zahanati pia walinitaka nirudi miaka mingine miwili, nikawashukuru nikakataa. Si kwa majonzi, Mama. Kuna wanawake watatu wa mtaa wetu watakaojifungua mwezi ujao, na wameshanikataza kuchelewa, mmoja kwa matusi. Kwa hiyo naenda harusini tu. Sitabeba glavu wala dawa. Nitabeba kitenge ulichoniachia, nivae, nicheze, nilishwe, niaibike kwa kusahau maneno ya Kimalagasi.

Nilikuwa naogopa kwamba bila wewe hapa, kutoka kutakuwa rahisi mno. Kumbe si rahisi hata kidogo. Jana nimepita kaburini, nimeng'oa majani, nimekaa kidogo. Pako safi.

Lala, Mama yangu. Nimeshawaambia wa kule: nakuja kama mgeni, na mgeni akishakula hurudi kwao. Kwetu ni hapa. Nitarudi.

Binti yako,
Furaha