Matairi Makubwa, Mteremko wa Sekenke

Shemeji Kitundu,

Tulikupoteza wewe pamoja na lori la kijiji kwenye mteremko wa Sekenke, msimu wa pamba ulipoanza. Nakutaja wewe kwanza kwa sababu hapa kijijini wanalitaja lori kwanza.

Nina hasira na mwenyekiti wa kijiji. Yeye yu hai, tutaonana. Nina hasira nawe zaidi.

Ni yeye aliyeleta yale matairi makubwa ili tusikwame tena mbugani. Kweli hatukukwama. Lakini siku ile nilipomaliza kuyafunga nilikuchorea chini kwa kijiti, unakumbuka? Tairi la zamani lilikuwa na kimo cha inchi thelathini na sita, hili arobaini na mbili. Injini inazunguka vilevile, gurudumu linameza njia zaidi. Saa ya spidi inahesabu mizunguko tu, barabara haiioni: ikisoma maili thelathini, wewe uko thelathini na tano. Na injini inanguruma chini kuliko mwendo wenyewe, na mteremkoni haikushikilii kama zamani. Nikakwambia ukifika Sekenke ushushe gia moja zaidi, usiamini sikio.

Ukacheka. Wewe uliyejifunza kwenye malori yenye saa zilizokufa, ukaendesha kwa sikio maisha yako yote. "Shemeji, wewe hesabu nati. Milima niachie mimi."

Haya, nilikuachia.

Utingo wako aliruka kutoka juu ya marobota, amevunjika mkono tu. Anasema injini ilikuwa inanguruma taratibu kama mko tambarare, mpaka kwenye kona. Mwenyekiti kalidaka hilo: dereva hakushusha gia, dereva alikimbiza lori. Dada yangu, mjane wako, akienda kisimani wanawake wanajitwika ndoo zao na kuondoka. Na lori jipya likija, nimeshaambiwa nilifungie matairi yaleyale.

Ila mimi najua jambo asilolijua yeye. Kwa matairi yale, hata ungeshusha gia, injini ingenguruma chini kuliko mwendo, na aliye juu ya marobota asingejua tofauti. Kwa hiyo sauti haisemi kitu. Lori limepondeka, gia haisomeki. Unajua wewe peke yako.

Kesho tunaanua matanga. Kwetu shemeji ndiye anayesimama kueleza kifo, na akishasema, neno hilo halifukuliwi tena. Ikiwa ulishusha, nitamwambia mwenyekiti mbele ya wote kwamba matairi yake yamekuua. Ikiwa hukushusha, sitakusitiri, nami nitalia nikisema. Lakini kwa vyovyote matairi yale hayatafungwa kwa mkono wangu, na dada yangu hatalala njaa nikiwa hai. Hayo nakuahidi.

Pumzika, mbishi wewe. Ila kwanza njoo ndotoni kama unavyokuja kwa dada, na usije kunicheka. Kabla jogoo hajawika nataka neno moja: ulishusha gia, au hukushusha?

Shemeji yako, fundi