Chupa Niliyomsomea Esta

Jumamosi. Ukungu haujaondoka hapa kijijini Gare tangu asubuhi. Nguo nilizovaa msibani bado mbichi kwenye kamba.

Jumatano tulimzika Yona, mtoto wa kaka yangu Zakaria. Miezi saba, meno mawili.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumwambia.

Wiki tatu zilizopita mama yake, wifi Esta, alikuja kwangu na chupa nyeupe ya plastiki aliyookota pembeni ya shamba la kijiji. Alitaka kuivika chuchu ya mpira, amnyweshee mtoto uji.

"Wifi, hebu nisomee hapa. Ilikuwa na nini?"

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Mimi ndiye mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa kijijini, lakini Kiingereza sijui. Niliona aibu kusema hivyo. Niliyakazia macho kama ninayeelewa.

"Sabuni ya maji," nikasema. "Ioshe tu."

Aliiosha kwa maji ya moto. Wiki mbili baadaye Yona alianza kutapika, kisha kutetemeka. Walimbeba kumpeleka hospitali, akakata roho njiani.

Jana bwana shamba aliisoma chupa ile mbele ya watu wote. Ni dawa ya kuua wadudu wa kabichi. Alisema plastiki hufyonza sumu, na hata ukiiosha inaendelea kuitoa. Kuanzia sasa kila chupa itabandikwa karatasi ya Kiswahili na kuchorwa fuvu, hata asiyejua kusoma aelewe.

Kaka alimgeukia mkewe. "Nani alikuambia uitumie?"

"Wifi alinisomea," Esta alisema. "Alisema ni sabuni."

Watu wote wakanitazama.

"Sijawahi kuiona chupa hiyo," nilisema.

Waliniamini papo hapo. Mimi ni mwalimu, Esta hajui hata kuandika jina lake. Mama mmoja alimwambia Esta kuwa mtoto amemuua mwenyewe, asitafute wa kumbebesha. Kaka akamwambia arudi kwao.

Esta alinitazama, kisha akaingia ndani kufunga kanga zake. Leo alfajiri ameondoka kwa miguu kwenda kwao Rangwi, maziwa yakimchuruzika kifuani na kulowesha gauni.

Nilimwangalia mpaka akapotelea kwenye ukungu. Nikashusha pumzi.

Ndiyo. Nilifurahi.

Mchana huu kaka amekuja, akakaa kizingitini. Hajala tangu juzi. "Dada, wewe ndiye uliyesoma. Nimfuate mke wangu?"

Tulikuwa wawili tu. Ningeweza kumwambia yote pale pale.

"Subiri kwanza," nikamwambia.

Amenishukuru, ameondoka. Sijui nitamsubirisha hadi lini.