Kiti cha Mfamasia

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie kabla ya maneno mengine yote, maana hayo mengine sina hakika kama utapenda kuyapokea. Hujambo? Goti linaendeleaje na mvua hizi? Na wapwa zangu nao, yule mkubwa bado anarefuka tu kwenda juu, au ameanza kushika mwili kidogo? Mimi mwili ni mzima. Nakula vizuri na kifua hakinisumbui. Usingizi ndio umekuwa wa kubembeleza tangu uliponiambia kwamba hotelini wamekuachisha kazi kwa kuchelewa.

Utashangaa kuandikiwa barua na mtu mwenye simu mfukoni. Simu nimeijaribu. Nimekupigia nikiwa nimejiandaa kusema jambo moja, na kila mara nimeishia kuuliza kama mmekula, hata ukacheka na kuniuliza tangu lini nimekuwa mpishi wenu. Kwenye simu mtu huwa na pa kutorokea. Barua hii nitaifunga kwenye bahasha na kumpa yule binti wa mapokezi hapa kazini anayekaa mtaa wenu, na ikishatoka mkononi mwangu sitaweza kuirudisha.

Unanijua, nikiwa na jambo zito huanza na mzaha. Basi niache nianze hivyo hivyo. Kazini tupo. Bado nashinda nimeinamia meno ya watu wengine, puani nimejaa unga wa plasta na mikono inanuka nta. Juzi mzee mmoja aliturudishia meno yake ya bandia akilalamika kwamba yametoka mazuri mno, mke wake ameanza kumuuliza anamtabasamia nani huko nje. Ikabidi tuyapunguze weupe. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba ningekuwa na amani, wewe ndiye ungekuwa mtu wa kwanza kusimuliwa.

Gari langu limelala. Lile ulilolizunguka na kulipapasa siku niliyolileta, ukasema sasa na sisi ukoo wetu umepata miguu, nimelifunika turubai na kuku wa jirani wamehamia chini yake. Mafuta yalipopanda mara ya kwanza nilisema yatashuka. Yalipopanda tena nikaacha kuwasha kipoza hewa, nikawa nafika kazini nimelowa kama mtu aliyetoka kuogelea. Yalipopanda tena nikaanza kuliendesha siku moja na kulipumzisha siku moja, na mwishowe nikaona kwamba sehemu kubwa ya mshahara naipeleka kituo cha mafuta ili nipate kwenda kuutafuta mshahara mwingine wa kupeleka huko huko. Hapo nikachomoa funguo.

Sasa naenda kazini kwa gari la Kapteni. Huyu ni jirani yangu, mkaguzi wa majengo, na tumempa jina hilo kwa sababu anaendesha gari dogo kama anayeongoza meli. Anachukua watu watatu tu, na mafuta tunachangia. Mbele anakaa Mama Benki, mwanamke mnene mcheshi anayefanya kazi benki. Nyuma tunakaa mimi na mfamasia mmoja mkimya anayelala njia nzima. Tunatoka jua halijachomoza, maana kutoka kwetu hadi mjini ni safari ya kuchosha hata ukiwa umekaa.

Sheria za Kapteni ungezicheka. Mteremkoni anatoa gia, anazima injini na kuliacha gari lijiendee lenyewe, nasi tunatakiwa kukaa kimya kana kwamba tukiongea tutalipunguza mwendo. Ni marufuku kuomba kushushwa mteremkoni. Mizigo mizito hataki. Na mtu asiyejulikana hapandi, hata akiwa amesimama kwenye mvua na kiti kiwe kitupu, kwa sababu aliwahi kumpakia mtu wa kumsaidia tu akaibiwa simu. Ila mmoja wetu akisema kwamba yule ni mtu wangu, basi anapakiwa bila swali. Hivyo ndivyo mimi mwenyewe nilivyoingia, Mama Benki alisema ananijua kwa kuwa nilimtengenezea mama yake meno.

Sasa, dada, kwenye gari watu wanaongea. Foleni ni ndefu na redio ya Kapteni ni mbovu. Mwanzoni kabisa Mama Benki aliniuliza kuhusu watu wangu, nikamwambia kwamba mama alitutoka mapema na nimelelewa na dada yangu, ambaye anafanya kazi kwenye ile hoteli kubwa ya barabarani. Hapo sikusema uongo. Akaniuliza kama uko kwenye uongozi. Nami, mwanamume mzima niliyesomeshwa kwa mashuka uliyoyafua, nikajibu kwamba ndiyo, upande wa utawala. Neno lilitoka lenyewe, halikuniomba ruhusa. Nadhani niliona vile vitambulisho vyao shingoni, na viatu vya Mama Benki, nikaona na mimi nitafute pa kusimama.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha kadiri nilivyoweza. Mama Benki akataka umsaidie kupata ukumbi wa harusi ya mwanawe. Nikasema uko kwenye semina. Baadaye akauliza kama umerudi, nikakupeleka kwenye semina nyingine. Dada, nimekusafirisha nchi ambazo mimi mwenyewe sizijui ziko upande gani, na muda wote huo ulikuwa chumba cha chini cha hoteli ukipiga pasi foronya.

Ndiyo sababu sikuwa nikija kukuona. Nilikuwa nakwambia ni mafuta, wewe unasema usijali, mdogo wangu, mafuta yamemshinda kila mtu. Mafuta yalikuwa kweli yamepanda. Lakini miguu yangu haijawahi kunywa petroli, na Jumapili nilikuwa nimekaa nyumbani nikitazama kuku. Niliona haya kuingia kwako na uongo ule mdomoni. Nawe hukuniambia kwamba nauli ilikuwa imekushinda na kwamba ulikuwa umeanza kwenda kazini kwa miguu. Nilipokuuliza unafikaje, ulisema unafika.

Sasa nimefika kwenye siku yenyewe.

Mfamasia hakuja siku hiyo, mtoto wake alikuwa na homa. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa wazi, nami nikatandaza koti langu juu yake kwa raha. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Tulikuwa tumeshuka ule mteremko mrefu hadi njia panda yenye kituo cha mafuta.

Nilitaka kukuandikia kwamba tulikuwa bado mteremkoni, gari limezimwa, na Kapteni hasimami mteremkoni. Nimeiandika hivyo kwenye karatasi nyingine nikaichana. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumesimama. Magari yaliyopanga foleni ya petroli yalikuwa yameziba barabara, hakuna aliyeweza kusogea, na wewe ulikuwa unakuja kando ya barabara, koti la kazi limelowa mabegani, jina la hoteli mgongoni kwa herufi kubwa, viatu umevishika mkononi ili visiharibike, na ule mguu wenye goti bovu unauburuta. Ulikuwa karibu kiasi kwamba ningeshusha kioo ningekugusa.

Kapteni ndiye aliyekuona kwanza. Alisema yule mama anateseka na ni wa hoteli ile tunayoipita, na leo nafasi ipo. Akauliza kama kuna anayemjua. Mama Benki akasoma jina mgongoni mwako akanigeukia, akasema mimi ndiye mwenye mtu hotelini, bila shaka wafanyakazi wa dada yangu nawajua.

Nikasema simjui.

Sikulisema kwa kigugumizi. Nililisema vizuri, kama mtu anayejibu swali la kawaida, kisha nikainamia simu yangu na kuanza kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Nikaongeza hata na maneno ambayo hayakuulizwa, nikasema wafanyakazi wa chini pale huwa wanabadilishwa sana. Foleni ikafunguka tukaondoka. Koti langu liliendelea kukaa kitini mpaka mjini.

Jioni ya siku ile ukanipigia. Uliniambia msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa ameshawaonya kwamba atakayechelewa tena asihangaike kuvaa koti, na wewe ukachelewa kidogo tu, akakurudisha kutoka mlangoni. Miaka yote ile ya mvuke na pasi, ukarudishwa mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba maji. Nami nikakuuliza, Mungu anisamehe, kwa nini hukutoka mapema. Ukasema ulitoka mapema, ila goti. Kisha ukanibembeleza mimi, ukasema hakuna wa kulaumiwa, ni haya mafuta.

Wapo wa kulaumiwa, dada. Kutoka njia panda ile hadi hotelini kwa gari ni muda wa kupiga gumzo kidogo tu. Ungefika, ungevaa viatu vyako ndani ya gari, na leo ungekuwa na kazi. Mtu aliyekunyima kiti ni mimi, si mafuta.

Nilikwenda hotelini kumwomba yule msimamizi. Aliniuliza mimi ni nani wako, nikamwambia ni mdogo wako. Alinisikiliza kwa adabu, akasema pale pameshajazwa na mtu anayeishi karibu, siku hizi wanachukua wa karibu tu. Nilimshukuru nikatoka. Chumba kile nilikuwa sijawahi kukiona, joto lake lilinikata pumzi nikiwa bado mlangoni.

Jana asubuhi nikawaambia wenzangu wa gari. Nilisema yule mama tuliyempita ni dada yangu, ni dobi, hajawahi kwenda semina yoyote, na ndiye aliyenilea. Nilitarajia wanicheke au wanishushe, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Mfamasia aliamka. Mama Benki akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake yeye aliuza mkaa mpaka macho yakaharibika, na kwamba siku ile tungempakia tu. Uso umeumbwa na haya, lakini mimi haya zangu nilizipeleka mahali ambapo hazikuhitajika kabisa, nikazikosa pale zilipohitajika.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko hayo mengine.

Nimejaribu kuamini kwamba hukuniona. Kioo kilikuwa na ukungu, nami niliinamisha kichwa. Lakini kabla sijakiinamisha nilikuona uliponiona. Uso wako wote ulifunguka. Ulisimama, ukahamishia viatu mkono wa pili, ukainua ule uliobaki ili unipungie. Halafu ukawatazama waliokuwa mbele, ukanitazama mimi, na ukaelewa. Mkono ulikuwa umeshafika usawa wa bega. Ukaupeleka kichwani, ukajifanya unaweka sawa kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea, kisha ukageukia upande wa pili na kutupa mgongo mpaka tukapita.

Ulinificha, dada. Umenificha tena kwenye simu, ukayasingizia mafuta. Nimekuwa mtu mzima mwenye ndevu na bado wewe ndiye unayenifunika.

Gari nimeshaliweka sokoni. Si kwamba nataka kulipa kosa kwa bati na matairi, ila nimeona kuna mashine za kufulia zilizotumika na nyumbani kwako maji yapo, na watu wa mtaa wenu wanavaa nguo kama watu wengine. Ukikataa sitakulaumu. Hilo tutaongea ukinipa nafasi ya kuongea.

Jumapili nitakuja, kwa miguu, kwa njia ile ile, nifike hata nikichelewa. Naomba wapwa zangu wasiambiwe haya bado, au waambie, utakavyoona wewe ni sawa. Msalimie jirani yako anayekukanda goti, mwambie nashukuru kwa kazi iliyokuwa yangu. Nakutakia afya na utulivu wa moyo kuliko nilionao mimi. Na ukinikuta mlangoni, dada, ukiinua mkono usiugeuze. Kama ni wa kunipiga, uache uje.

Ni mimi mdogo wako, uliyempa jina la

Mapengo