Printa Imesafika, Baba Mkwe Bado Kanuna

Shikamoo Babu Sadoki, mpendwa mshauri wetu, naomba msaada kabla ukweni hawajanifuta kabisa, maana usingizi umekata na chakula hakipiti. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii, nakaa Lemara, kwetu Machame, na nimemchumbia Naisula binti wa Mzee Lesikar wa Nduruma, na siku ya uchumba tulipeleka blanketi na asali, mzee akajifunika lile blanketi pale pale, vigelegele vikapigwa, yaani mambo yalikuwa mazuri mpaka tulipofika kwenye picha.

Babu, nina printa ya picha nyumbani, ile ya wino, niliinunua pamoja na kompyuta iliyotoka Dubai, kwa hiyo mpiga picha aliyekuja nikamrudisha, nikajitapa mbele ya wazee kwamba nitapiga mwenyewe na kuchapa mwenyewe, mambo ya studio yamepitwa na wakati. Picha ya kwanza ikatoka na mistari myeusi usoni kwa mzee, nikapeleka hivyo hivyo kwa kuwa nilishaahidi, mzee akaitazama akasema, "Mkwe, mbona umeniweka nyuma ya nondo, nimeiba nini?" akacheka, na sisi wote tukacheka. Nikarudi kusafisha, nikatia spiriti, nikatia petroli kidogo, nikamalizia na mafuta ya cherehani ya mama, wino ukawa matope, na sielewi uchafu unatoka wapi kwa sababu printa naitunza, nimeifunika kitambaa cha sufu chenye vinyuzi vya kuning'inia alichonifumia Naisula mwenyewe.

Mwishowe picha moja ikatoka safi, isipokuwa doa dogo la bluu kwenye kona, karibu na mguu wa kiti, na kwa kuwa kabla ya kuichapa nilikuwa kwenye kompyuta nikaona nimsaidie mzee kidogo na meno, unajua Babu meno ya huko yalivyo ya kahawia kwa sababu ya madini ya kwenye maji, basi nikayafanya meupe, ya mzee, ya mama mkwe na ya Naisula, wakatoka kama watu wa tangazo la dawa ya meno, nikaweka fremu, nikapeleka. Mzee akaitazama, akaiweka chini. Naisula akaziba mdomo kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya kabla hatujazoeana, nikajua ni furaha. Tangu hapo Naisula hapokei simu, na juzi mshenga wetu Mzee Melkizedeki kanirudishia blanketi limekunjwa, ananiambia, "Lesikar anasema umpelekee yule wa kwenye picha," na mimi sielewi, yule wa kwenye picha si ndiye yeye? Babu, doa la bluu nalitoaje kabla harusi haijafa?

Derick, Lemara

BABU SADOKI ANAJIBU

Marahaba, Derick. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka bibi yako akaja kuninusa kama nimekunywa. Niliposoma mara ya pili sikucheka.

Tuanze na printa, maana kati yenu wawili ndiyo yenye akili. Mimi shule niliishia darasa la nne, la tano hawakunitaka, kwa hiyo nilimuuliza Skolastika, mama anayepiga picha za pasipoti jirani na ofisi yetu. Akauliza tu, "Kaifunika na nini?" Nilipomsomea akapiga makofi. Vinyuzi vya kitambaa vinadondoka ndani, vinanasa kwenye kichwa kinachotema wino, vinaburuzwa usoni kwa mzee wa watu kama ufagio uliochovywa kwenye rangi. Na wewe ukaongeza mafuta ya cherehani! Ungeikaanga na vitunguu kabisa, mhasibu.

Izime, chomoa waya. Fungua mfuniko, mulika kwa tochi, toa vinyuzi kwa kibanio cha nyusi. Chukua kitambaa laini kisichoacha manyoya, kiloweshe kwa maji kidogo tu, futa zile roli zinazovuta karatasi mpaka mafuta yaishe. Pale wino unapotokea usipaguse. Iache ikauke, kisha pitisha karatasi za kawaida hadi zitoke nyeupe. Karatasi ya picha inachapwa upande unaong'aa, na ikitoka usiishike na vidole vyako vya nyama choma, iache ikauke. Kitambaa cha Naisula kiweke juu ya redio. Usikitupe, huenda ukakihitaji kuwaonyesha watu kwamba kuna msichana aliwahi kukupenda.

Skolastika anasema pia utumie maji ya chupa, si ya bomba, kwa sababu maji ya huku kwetu yanaacha alama. Hapo ndipo ninapokutaka.

Ulipompelekea mzee uso wenye nondo, alicheka. Wino ni wa printa, unamhusu nini? Ulipompelekea meno ambayo Mungu hakumpa, akakurudishia blanketi umpelekee mwenye meno hayo. Na wewe na vyeti vyako vyote unaniuliza doa la bluu! Ninyi wa Machame mlima wenu uliwapa maji yasiyosema kitu. Wetu ulitupa yanayopaka meno rangi, tumeyanywa tangu tunatambaa. Kwa meno hayo Lesikar ametafuna mifupa, kwa meno hayo amemtongoza mama mkwe wako, na mama akamkubali akiwa ameyaona mchana kweupe.

Halafu huyo binti. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba alikuwa akiziba mdomo kabla hamjazoeana. Kumbe aliacha. Kumbe kuna siku yule msichana alicheka mbele yako mikono ikiwa mapajani, na wewe mpumbavu ukaona kazi ya kompyuta. Kiganja kimerudi mdomoni, Derick, na aliyekirudisha ni wewe.

Sasa sikiliza. Chapa picha ile ile kama ilivyopigwa, usimnyooshe mtu hata kunyanzi moja. Usimtume Melkizedeki, ameshachoka kubeba mizigo yako. Nenda Nduruma kwa miguu yako, na uanze na Naisula. Itoe ile ya uongo kwenye fremu mbele ya macho yake, umwambie umekosa na kwamba unampenda na meno yake. Kama si kweli, geuza njia, umwache mtoto wa watu apate mwenye macho. Kama ni kweli, ingia kwa mzee, toa shikamoo, mpe picha na blanketi kwa mikono miwili, useme, "Baba, mwenye blanketi nimempata." Kisha nyamaza. Akikutukana, itikia.

Na wewe mhariri usijifiche nyuma ya gazeti. Nilipoanza safu hii mliniambia, "Babu, funga mdomo kidogo, picha itoke vizuri." Nikafunga, ndiyo hiyo hapo juu, kama mtu anayeuguza jino. Ile niliyocheka mnayo kwenye droo. Iwekeni.