Katoto Kenye Mwiko

9 Januari

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kikohozi kimekuachia. Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu mama aondoke. Kutwa napiga pasi mashati ya watu pale kwa dobi, mvuke unapanda, nami namwona mama ndani yake, amekaa dirishani akitunga uzi.

Mwaka huu nina malengo matatu, nimeyabandika jikoni: kupata tarehe za kuzaliwa za watu wetu wote, kuandika habari yao moja kwenye blogu kila Jumapili, na kutolia ninapoandika. Hilo la tatu usiniulize. Nimeanza na mama: tarehe iliyo kwenye cheti chake, na ile picha ya katoto kwenye kigoda, kameshika mwiko.

Mwanao

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti limeamua kuishi nami. Mkwe wangu alinisomea uliyoandika kwenye blogu. Nakuomba uyafute. Katoto kale si mama yako.

Mama yako mkubwa

6 Februari

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimefuta siku ile ile. Lakini picha ile nimeipangusa na kuibusu tangu msiba. Sasa sijui nilikuwa nambusu nani, wala sijui kama mama niliyebaki naye kichwani ni mama yangu. Sikulazimishi kuniambia.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Barua yako imekaa chini ya mto wangu wa kulalia tangu ifike.

Baada yangu alizaliwa msichana. Alipenda kukoroga maji kwenye beseni, akisema anapika. Homa ilimchukua akiwa na miaka miwili. Mama yako alikuja mwaka uliofuata, akapewa jina lile lile. Wakati wa shule walitaka cheti, na ofisi ya vyeti ilikuwa mbali. Baba akasema cha dada yake kipo, jina ni moja, kazi imekwisha. Ndiyo maana mama yako alistaafu miaka mitatu kabla ya wenzake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini tuliambiwa tusimtaje yule wa kwanza, na mimi nilikuwa mtoto mtiifu. Ukitaka kuandika, nionyeshe kwanza.

Mama yako mkubwa

29 Aprili

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimeisoma nikiwa kazini, nikaunguza kola ya shati la mwalimu. Hakukasirika sana.

Karatasi ya pili ndiyo habari yenyewe. Tarehe nimemrudishia mwenyewe, na picha yake. Kwa mama nimeandika tu kwamba siku yake haijulikani. Nilidhani hilo litaniuma, kumbe naona kama amepata mwaka mzima. Usipopenda, nitaichana na hatutaizungumza tena.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Hatujambo hapa. Mkwe wangu amenisomea, amekaa kitandani kwangu, mlango wazi, upepo ukipeperusha pazia. Nilimwomba arudie pale unaposema bibi yako alizaa mabinti watatu. Akarudia. Nikamwomba tena.

Watu wakiniuliza huwa nasema tulizaliwa wawili. Nimesema hivyo maisha yangu yote, hata kwenye msiba wa mama yako. Jana mama muuza maziwa aliniuliza, tunapiga soga tu, nikamjibu watatu. Akaendelea kunipimia maziwa.

Iweke, mwanangu.

Mama yako mkubwa