Kurasa za Mama

Bwenini, Jumapili, 3 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Bibi na magoti yake hawajambo pia. Mimi ni mzima, ila kikohozi kimepita bweni zima kikanikuta na mimi. Sasa kimekwisha.

Nimeisoma barua ya chuo uliyonitumia, mara mbili, tena kwa sauti. Mama, haina kitu cha kutisha! Wanasema kila mwanafunzi anayesoma kwa posta lazima akae chuoni juma moja, kuanzia tarehe 25, ndipo aendelee na sehemu ya pili. Wanasema hakuna mtihani. Kitanda kipo, wewe unabeba shuka, ndoo na kalamu.

Unasema umri umekwenda. Wameandika kwamba mwaka jana alikuwepo mwanafunzi mwenye wajukuu. Unasema Bibi atabaki na nani. Jirani yetu fundi cherehani hawezi kuhamishia kazi yake barazani kwetu juma moja tu? Unasema utaona haya kulala na watu usiowajua. Mimi nalala na wasichana arobaini, na mmoja anaota akiimba. Utazoea.

Miaka kumi na mmoja umekuwa msaidizi wa darasa hapo chekechea, unawafuta watoto pua huku wenzako wakiitwa walimu. Usiache cheti cha ualimu kikupite kwa sababu ya shuka na ndoo.

Nenda, Mama.

Karani wako


Nyumbani, Jumamosi, 9 Agosti

Mwanangu Karani,

Marahaba. Nashukuru kikohozi kimekuachia. Bibi anakusalimu. Anasema niende hata kesho, labda bila kukoroma kwangu magoti yatapata usingizi. Fundi amekubali kumwangalia. Kwa hiyo visingizio vyangu vyote umeshavimaliza, na sasa sina budi kukuambia ukweli.

Mazoezi matano niliyopeleka chuoni, niliandika mimi, ukanakili wewe. Mwandiko wangu unaujua, kuku akikanyaga matope anaandika vizuri zaidi. Lakini hukunakili tu, mwanangu. Ulikuwa unarekebisha. Nilikuwa nasoma ulichoandika, naona ni kizuri, nanyamaza. Mkufunzi akarudisha la tatu na maneno haya: "Kalamu hii ina kipaji. Nangoja kwa hamu kukutana na mwenyewe."

Sasa atakutana na nani? Nikishika kalamu mbele yake ataona mwandiko mwingine na akili nyingine. Atasema nimewadanganya. Mwalimu mkuu hapa amekwisha sema wazi kwamba mwakani hataki msaidizi asiye na cheti, nafasi yangu inangoja mpaka Desemba tu. Nisipoenda, nimejitoa. Nikienda, watanitoa wao.

Sikulaumu. Mimi ndiye niliyeomba.

Mama yako


Bwenini, Alhamisi, 14 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imeninyima raha, lakini nimepata njia.

Ndani ya bahasha kuna kurasa kumi na mbili. Nimeandika kila herufi kwa mwandiko wangu, kubwa na ndogo, halafu sentensi nzima. Fuatisha juu yake kwa kalamu, kisha andika pembeni bila kufuatisha. Herufi zangu zinasimama wima. Zako huwa zinalala, basi uziinue. Ukifanya kurasa mbili kila jioni, utakuwa tayari kabla ya tarehe 25.

Na mkufunzi akikuuliza jambo, jibu polepole. Watu watadhani unafikiri.

Usiogope, Mama. Tutafaulu.

Karani wako


Bwenini, Jumatano, 20 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka kabla mfuko wa posta haujafungwa.

Tafadhali zichane zile kurasa. Kiranja wa bweni aliniona nikiziandika, akadhani ni za mtoto, na jana akaniuliza, "Yule mdogo wako wa darasa la kwanza umekwisha mtumia?" Nikamwambia ni za Mama. Akauliza, "Kwani mama yako hajui kuandika?" Nikasema anajua. "Sasa unamfundisha nini?" Nilikuwa nakufundisha kuwa mimi, na wanaohitaji kukuona wewe ni wale watu wa chuo.

Nilibadilisha maneno yako kwa sababu niliyaona ya kawaida mno. Sikukuuliza hata mara moja. Nisamehe. Nenda na mwandiko wako, useme ukweli, na kosa useme ni langu.

Mwanao


Chuoni, Ijumaa, 29 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili. Kama uliniandikia tena, barua haikunikuta. Niliondoka Jumamosi, na zile kurasa zako kumi na mbili nimezibeba chini ya shuka.

Jumatatu asubuhi tuligawiwa karatasi: andika kuhusu mtoto mmoja unayemjua. Nikaanza kuzisimamisha herufi. Mwenzangu wa kulia, mama mnene mcheshi, akanong'ona, "Dada, unaandika au unachonga kinyago?" Wote walikuwa ukurasa wa pili, mimi mstari wa tatu. Nikaweka kalamu chini. Wakati wa chai nikamfuata mkufunzi, nikamwambia yote.

Hakufoka. Alitoa faili langu, akasoma zoezi la kwanza: "Mtoto alijawa na huzuni isiyo na kifani moyoni mwake." Akaniuliza, "Uliuona moyo?"

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Niliona ameushika mkanda wa begi lake tangu asubuhi mpaka kengele ya saa nne. Nilipomwomba alivue, akanipa mkono mmoja, wa pili ukabaki kwenye mkanda."

Akasema, "Hicho ndicho tunachowafundisha muone. Kwa nini hukukiandika?"

Nilikiandika, mwanangu. Ndicho nilichokutumia.

Lakini kosa ni kosa. Mazoezi yote matano yamefutwa. Amesema nikileta karatasi zangu za kwanza, zile zenye mwandiko wangu, kabla ya tarehe 10 Septemba, atazisahihisha hizo. Nisipozileta, naanza upya mwakani, na mwakani chekechea hawaningoji.

Nakumbuka nilikuagiza uzitupe ukishanakili, nisije nikaaibika. Wewe ni mtoto msikivu. Hilo ndilo linalonikosesha amani.

Ulizitupa?

Mama yako


Bwenini, Jumanne, 2 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika leo mchana, na matroni amekubali kunipeleka posta mwenyewe ili hii iende kwa haraka.

Sikuzitupa. Ulipoagiza nilisema ndiyo, lakini sikuweza. Nilikuwa naziweka chini ya nguo sandukuni, kwa sababu zilikuwa na harufu ya sabuni ya nyumbani. Ni mara ya kwanza nimefurahi kutokukutii, na bado naona haya.

Zimo humu ndani ya bahasha: zoezi la kwanza, la pili na la nne ni kamili. Nimeyasoma tena, yule mtoto wa begi yumo, pamoja na mkono wake mmoja. Sijui nilikuwa natafuta nini kizuri zaidi ya hapo. La tatu lipo, ila nyuma yake nilifanyia hesabu za pembetatu, mwambie mkufunzi anisamehe. La tano lina ukurasa wa kwanza na wa tatu. Wa pili haupo. Nimetoa vitu vyote sandukuni, nimeinua godoro, nimewauliza wenzangu kitanda kwa kitanda.

Ukurasa huo ulihusu wale pacha wa darasani kwako na kiti kimoja. Nakumbuka kila neno uliloandika, na mwandiko wako naweza kuuiga, nimeujua tangu utotoni. Ingenichukua dakika kumi.

Sijaujaza, Mama. Kati ya ukurasa wa kwanza na wa tatu nimeweka karatasi tupu. Kalamu unayo wewe.

Mwanao